Kabla ya kuongeza kirutubisho juu ya dawa ya lukemia
Ikiwa unatumia imatinibu kwa ajili ya lukemia, yaani saratani ya damu, usianze kirutubisho chochote, hata ule unga wa mizizi uliofungiwa kwenye gazeti pale soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, kabla ya kuupeleka kliniki ili mfamasia auone kwa macho yake. Tafadhali usione haya kutaja dawa za kienyeji. Balungi huzuia kimeng'enya, yaani protini ya mwili inayovunja dawa hii, ikazidi mwilini, ilhali mmea uitwao St. John's wort hufanya kinyume chake, dawa ikapungua na ugonjwa ukapata mwanya. Meza kidonge pamoja na mlo na glasi kubwa ya maji. Ukipata homa au ukitokwa na damu puani, nenda hospitali siku hiyohiyo.