Kushiriki mikutano ya utafiti wa uhandisi wa programu, kuanzia wito wa makala hadi baada ya kurudi

Katika taaluma nyingi mkutano hupokea ikisiri ya ukurasa mmoja, na kazi yenyewe hungoja jarida. Uhandisi wa programu hauendi hivyo. Hapa huwasilishwa makala kamili, wahakiki wasiopungua watatu huisoma yote, na zinazopita huchapishwa kwenye kumbukumbu za mkutano na kuhesabiwa kuwa chapisho kamili la kitaaluma. ICSE, mkutano mkuu wa fani hii ulioanza mwaka 1975, kwa kawaida hukubali karibu makala moja kati ya nne au tano. Kwa hiyo anayeanza kuandika wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, kwa mazoea ya kutuma ikisiri, huwa ameshachelewa. Majaribio yawe yamekamilika miezi miwili kabla, rasimu nzima mwezi mmoja kabla, na wiki mbili za mwisho zibaki kwa wasomaji wawili ambao hawakushiriki kazi hiyo.

Kuchagua mkutano, kisha kitengo

ICSE, FSE na ASE hupokea karibu mada zote za fani. Mingine ina eneo lake: ISSTA na ICST ni majaribio na uchambuzi wa programu, ICSME na SANER ni matengenezo na mabadiliko ya mifumo, MSR ni uchimbaji wa data kwenye hifadhi za kodi, RE ni mahitaji ya mfumo, ICPC ni namna watu wanavyoielewa kodi, na ESEM pamoja na EASE ni utafiti wa kiempiria. Tovuti za mikutano hii karibu yote ziko conf.researchr.org, pamoja na programu za miaka iliyopita.

Kipimo cha haraka ni orodha ya marejeo yako mwenyewe. Hesabu makala ulizorejelea zilizotoka kwenye mkutano unaoulenga katika miaka mitano iliyopita. Ukipata sifuri, ama hujasoma vya kutosha, ama kazi yako ina nyumba nyingine. Wahakiki hufanya hesabu hiyohiyo.

Jihadhari na mikutano ya kitapeli. Dalili zake zinajulikana: barua pepe ya kukusifu usiyoitarajia, mada kuanzia uhandisi wa programu hadi kilimo na tiba, jibu la kukubaliwa ndani ya siku chache, na ada inayodaiwa kabla hujasoma uhakiki wowote. Fungua orodha ya kamati, chagua majina matano, yatafute DBLP, orodha ya mtandaoni ya machapisho ya sayansi ya kompyuta. Kama hayana machapisho ya fani hii, au wenyewe hawautaji mkutano huo popote kwenye kurasa zao, achana nao.

Ukishachagua mkutano, chagua kitengo, yaani aina ya makala utakayowasilisha humo. Hapa ndipo wageni hupoteza nafasi nyingi, kwa sababu hudhani mkutano ni kitengo kikuu cha utafiti peke yake. Kitengo cha mawazo mapya, kinachojulikana kama NIER, huchukua kurasa 4 na moja ya marejeo. Hakitaki makala ya kurasa kumi iliyobanwa. Kinataka wazo lenye ujasiri na ushahidi wa awali kwamba linastahili kufuatwa. Kitengo cha zana hutaka programu inayofanya kazi na video fupi, mara nyingi ya dakika tatu hadi tano. SEIP hupokea kazi kutoka viwandani, na humo somo lililopatikana kwenye mfumo halisi lina uzito kuliko mbinu mpya. Kongamano la wanafunzi wa uzamivu linamfaa aliye na mwelekeo lakini bado ana muda wa kuubadilisha. Ukienda miezi mitatu kabla ya kukabidhi tasnifu, ushauri utakaopewa hautakusaidia. MSR, ICSME na ESEM zimekuwa na ripoti zilizosajiliwa: unahakikiwa mpango wa utafiti kabla ya kukusanya data. Kwa mtafiti asiye na fedha za kurudia majaribio, njia hii ni ya thamani kubwa, maana kasoro ya usanifu huonekana kabla ya gharama.

Makala mikononi mwa mhakiki

Soma wito wa makala kwa kalamu mkononi, uandike mambo manne: idadi ya kurasa na kama marejeo yanahesabiwa, kiolezo, masharti ya kuficha majina, na saa ya mwisho. Kitengo kikuu cha ICSE kimekuwa kikitumia kurasa 10 na 2 za marejeo kwa kiolezo cha IEEE cha safu mbili. FSE hutumia kiolezo cha ACM chenye safu moja na hesabu tofauti; IEEE na ACM ni vyama vya kitaaluma vinavyochapisha kumbukumbu za mikutano. Kuvuka ukurasa mmoja, au kupunguza nafasi kati ya mistari kwa ujanja, hukataliwa bila kusomwa. Saa ya mwisho hutajwa kwa AoE (Anywhere on Earth, popote duniani), yaani UTC−12. Ikiandikwa 23:59 AoE, anayeishi UTC+3 ana hadi saa 8:59 mchana wa siku inayofuata. Hiyo isiwe sababu ya kungoja: mfumo wa kuwasilisha, uwe HotCRP au EasyChair, huelemewa dakika za mwisho. Pakia toleo kamili siku mbili kabla, kisha libadilishe. Angalia pia kama ikisiri inatakiwa kusajiliwa wiki moja mapema, kwani usipoisajili mlango umefungwa.

Mikutano mingi huhakiki bila kujua waandishi. Ondoa majina, shukrani na namba ya ruzuku. Kazi zako za nyuma zitaje kama za mtu mwingine: “Kazi ya awali ilionyesha”, si “Katika kazi yetu ya awali”. Sehemu inayosahaulika ni kifurushi cha data na kodi: jina la akaunti ya GitHub, majina ndani ya historia ya komiti, njia za mafaili kama /home/jinalako, hata maelezo yaliyofichika ndani ya PDF. Anonymous.4open.science huficha mwenye hifadhi, lakini maneno yaliyomo ndani ya mafaili ni juu yako.

Vigezo vya ICSE ni upya wa kazi, umakini wa mbinu, umuhimu, uwezekano wa kuthibitishwa, na uwasilishaji. Makala huanguka zaidi kwenye umakini wa mbinu. Mwandishi analinganisha zana yake na zana dhaifu ya zamani huku iliyo bora ikiwa hadharani. Au anaripoti wastani bila mtawanyiko wala jaribio la takwimu, wakati mbinu yake ina bahati nasibu ndani yake na ilipaswa kuendeshwa mara nyingi. Kosa linaloongezeka sasa ni kupima modeli kubwa ya lugha kwa mkusanyo wa hitilafu kama Defects4J, uliotoka mwaka 2014. Mhakiki atauliza papo hapo: marekebisho ya hitilafu hizo si yalikuwa ndani ya data ya mafunzo? Jibu liwemo kwenye makala, kwa mfano kwa kuongeza hitilafu zilizojitokeza baada ya tarehe ya mwisho ya mafunzo ya modeli.

Kabla ya kuwasilisha, pitia viwango vya kiempiria vya SIGSOFT, kundi la uhandisi wa programu ndani ya ACM, kwa aina yako ya utafiti. Vinaeleza yapi ni ya lazima kwa jaribio, kwa mahojiano, kwa dodoso na kadhalika. Na sehemu ya vitisho dhidi ya uhalali, yaani mambo yanayoweza kufanya matokeo yasiaminike, usiijaze maneno ya jumla yanayofaa makala yoyote. Taja kitisho chenyewe, ulifanya nini kukipunguza, na kilichobaki.

Tumia muda mrefu kwenye ukurasa wa kwanza kuliko wowote mwingine. Mhakiki ana rundo la makala, na anapomaliza ukurasa huo tayari ana maoni. Aone hapo tatizo kwa mfano mmoja mdogo, pengo la kazi zilizopo, ulichofanya, na matokeo kwa tarakimu. “Mbinu yetu ina ufanisi” haisemi kitu.

Kujibu wahakiki

Mikutano kadhaa hutoa siku chache za majibu. Usijibu siku unaposoma uhakiki. Nakili kila hoja kwenye faili moja, uzigawe: makosa ya ukweli, maswali, na maoni ya ladha. Anza na makosa ya ukweli yanayobeba uamuzi, ukitaja sehemu na ukurasa. Maswali yajibu kwa sentensi moja ya moja kwa moja, ndipo ufafanue. Ya ladha yapokee kwa kifupi. Majibu mengi huharibika kwa sababu mwandishi hutumia nusu ya maneno aliyopewa kubishana na mhakiki mkali ambaye hatabadilika, badala ya kumpa yule anayeielekea makala hoja za kuitetea kwenye majadiliano.

Ukiambiwa urekebishe, orodha ya mabadiliko ndiyo mkataba. Yatekeleze yote, weka rangi palipobadilika, na uambatanishe barua yenye jibu la kila hoja.

Makala ikikubaliwa

Kazi nne huja kwa pamoja, na ya haraka kuliko zote ni viza. Mkutano huhama kila mwaka: ICSE ilikuwa Cape Town mwaka 2010, Lisbon 2024, Ottawa 2025. Omba barua ya mwaliko siku ileile ya kupata jibu. Maombi ya viza ya Schengen yanaweza kuwasilishwa hadi miezi sita kabla ya safari. Uamuzi huchukua siku 15, na unaweza kufika 45. Miadi ya ubalozini ndiyo humeza wiki.

Pili ni fedha. SIGSOFT ina mpango wa CAPS wa kusaidia wahudhuriaji, wanafunzi wakiwemo. Kazi ya kujitolea wakati wa mkutano huwapa wanafunzi wengi usajili wa bure kwa kubadilishana na saa kadhaa za kazi. Nafasi hizo hutangazwa mapema na hujaa. Angalia pia ada ya uchapishaji: tangu Januari 2026 ACM huchapisha kila kitu kwa ufikiaji huria, na mwandishi ambaye chuo chake hakimo kwenye mpango wa ACM Open, unaolipiwa na vyuo, anaweza kudaiwa. Kuna msamaha na punguzo kwa nchi za kipato cha chini, kwa hiyo soma orodha kabla ya kulipa.

Tatu, usajili. Kila makala lazima ibebwe na mwandishi mmoja aliyesajiliwa, na mara nyingine ada ya mwanafunzi haitoshi kuibeba. Asipotokea mtu kuwasilisha, makala inaweza kuondolewa kwenye maktaba ya kidijitali.

Nne, kifurushi cha utafiti. Kwa beji ya upatikanaji ya ACM, GitHub peke yake haitoshi kwa kuwa hifadhi inaweza kufutwa. Weka nakala Zenodo, hifadhi ya data za utafiti, upate DOI, yaani kitambulisho cha kudumu. Kijaribu kwenye mashine tupu. Kinachowakwamisha wahakiki wa vifurushi ni matoleo ya maktaba yasiyotajwa, na maelekezo yasiyosema jaribio huchukua dakika kumi au siku tatu.

Siku za mkutano

Ukipewa dakika 15 pamoja na maswali, zungumza 12. Slaidi zisizidi 12, herufi zisiwe chini ya pointi 24, na kodi isizidi mistari kumi kwa slaidi. Onyesho la moja kwa moja libadilishe na video, maana intaneti ya ukumbini huwa na watu mamia. Mtafute mwenyekiti wa kikao robo saa kabla, jaribu kebo, na uwe na PDF kwenye flashi. Swali likiulizwa, lirudie kwa maneno yako ndipo ujibu. Andaa slaidi za akiba kwa maswali matatu ya wahakiki yaliyokuwa magumu, yatarudi.

Usijaribu kuhudhuria kila kikao. Wiki mbili kabla, chagua makala nane hivi, zisome, na uwaandikie waandishi wanne au watano barua fupi yenye swali kuhusu sehemu fulani ya kazi yao, ukipendekeza mapumziko fulani ya chai. “Ningependa kukutana nawe” hupotea kwenye rundo. Swali la kweli hujibiwa. Kwa mgeni, warsha zinazozunguka mkutano mkuu ni bora kuliko ukumbi mkubwa: watu ni wachache, na kila mtu huishia kuzungumza na kila mtu. Jioni andika kila uliyezungumza naye, mlizungumza nini, na ulichoahidi kumtumia.

Timiza ahadi hizo ndani ya wiki moja, kabla hawajakusahau. Kisha jitolee kuhakiki. Kamati za kuhakiki vifurushi hupokea wanafunzi wa uzamivu, na MSR na ICSE zimewahi kuendesha kamati kivuli ambamo watafiti wachanga huhakiki makala halisi na kujadiliana kama kamati kuu. Ukikaa upande huo wa meza hata mara moja, utaona ni sentensi zipi za makala yako inayofuata zitakazomfanya mhakiki aulize, na utazirekebisha kabla hajauliza.