Taka za shule: anzeni na ndoo moja na kiroba kimoja

Shule nyingi hapa Moshi zikitaka kutenganisha taka hukimbilia kununua mapipa ya rangi rangi. Hiyo pesa itunzeni kwanza. Kinachoharibu taka za shule ni unyevu: mchuzi wa maharage ukishamwagikia karatasi, hakuna mnunuzi atakayezigusa. Wekeni ndoo yenye mfuniko pale wanafunzi wanapooshea sahani, na kiroba kikavu kila darasa kwa karatasi tu.

Maganda ya ndizi msiyatupe shimoni jamani. Majirani wanaofuga ng'ombe wa ndani watayafuata wenyewe mkiwaambia. Mabaki mengine ya jikoni changanyeni na majani makavu, muwe mnageuza rundo kila wiki na kulinyunyizia maji likikauka. Baada ya miezi michache mna mboji ya bustani ya mchicha.

Chupa za maji zimwagwe kilichobaki, zitolewe vifuniko, kisha zikanyagwe. Kifuniko ni plastiki tofauti na chupa, kwa hiyo kiwe na mfuko wake. Wanunuzi wanapima kwa kilo, hivyo kukanyaga hakupunguzi bei, na stoo haijai hewa. Msichome plastiki nyuma ya madarasa, hata kidogo. Ile sumu wanaivuta watoto.

Siku ya kupima, wanafunzi wenyewe wasome mizani, waandike kilo na hela kwenye daftari, na daftari likae mahali ambapo kila mtu analiona. Wakiona hesabu yao, hamtahitaji kuwakumbusha sana.