Namna ya Kupima Kama Hamira Imeshindwa Kutoa Protini Nje ya Seli

Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Randy Schekman na mwanafunzi wake Peter Novick walieleza aina ya hamira ambayo, ikiwekwa kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, iliendelea kutengeneza protini lakini ikashindwa kuzitoa nje. Mwaka uliofuata makundi ya jeni za namna hiyo yalifikia 23, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Schekman kwenye Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2013. Kipimo walichokitumia kinawezekana katika maabara ya kawaida ya chuo, mradi uwe na hamira yenye jeni iliyobadilika, kwa mfano sec1, pamoja na hamira ya kawaida ya kulinganishia.

Kinachopimwa ni invatesi, kimeng'enya kinachovunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Hamira hukitengeneza kwa wingi glukosi inapopungua, na kikishatolewa, sehemu yake kubwa hubaki kati ya utando na ukuta wa seli. Kwa sababu hiyo pima seli zenyewe, wala si kimiminika zilimokuzwa.

Kuza aina zote mbili kwenye nyuzi 25 katika lishe yenye glukosi asilimia 2, zikiwa bado zinaongezeka kwa kasi. Zioshe, kisha zihamishie kwenye lishe yenye glukosi asilimia 0.1, na ugawe kila aina mafungu mawili, moja libaki kwenye nyuzi 25 na jingine liende 37. Chukua sampuli mwanzoni kabisa na kila baada ya nusu saa, ukizitia papo hapo katika azaidi ya sodiamu kwenye barafu ili kazi ya seli isimame. Azaidi ni sumu kali, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Fanya kazi hii ndani ya kabati la kufyonza hewa.

Hapa ndipo penye uzito wa jaribio lote. Gawa kila sampuli mara mbili: seli nzima zikipewa sukrosi hukuonyesha invatesi iliyokwisha kutoka, na seli zilizovunjwa kwa kutikiswa pamoja na shanga ndogo za kioo hukuonyesha jumla yote. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo invatesi iliyokwama ndani. Anayepima ya nje peke yake hawezi kujua kama seli imeshindwa kuitoa au haikuitengeneza kabisa, na hayo ni magonjwa mawili tofauti. Kumbuka pia kwamba hamira huwa na invatesi kidogo ya ndani isiyokusudiwa kutoka. Ndiyo maana sampuli ya mwanzo haiachwi.

Ukiona jumla inapanda kwenye nyuzi 37 huku ya nje ikibaki palepale, rudisha seli za sec1 kwenye nyuzi 25 pamoja na sikloheksimidi, dawa inayozuia protini mpya kutengenezwa. Invatesi ya nje ikipanda, ni ileile iliyokuwa imekwama, na umethibitisha kwamba njia ilifungwa kisha ikafunguka.

Wenye hadubini ya elektroni waendelee hatua moja: sec1 hujaza seli vifuko vidogo vinavyosubiri kuungana na utando wa nje, ilhali katika sec18, hamira nyingine yenye jeni iliyobadilika, protini hukwama mapema zaidi, kabla ya kufika Golgi, sehemu ya seli inayopanga na kufungasha protini.