Kusafisha maji ya banda la nguruwe kwa kitanda cha matete

Nimetoka kumsaidia mfugaji mwenzangu wa Nala, hapa Dodoma, kutengeneza kitanda cha matete, yaani shimo la kokoto lililopandwa matete ambamo maji machafu hupita yakasafishwa, nikaona niandike na wengine wafaidi. Mvua za Dodoma zikishakatika mwezi wa Aprili, ni jua mpaka Desemba. Kumwaga korongoni maji yaliyoosha banda, wakati mizabibu ina kiu, kunaniuma sana.

Hatua ya 1: Zoa mavi kwa koleo kabla ya kuosha. Yapeleke kwenye mboji.

Hatua ya 2: Jenga chemba ya kutuliza yenye vyumba viwili, tope lizame humo kabla maji hayajaingia kitandani. Tope likifika nusu, lichote.

Hatua ya 3: Chimba kitanda. Kwa lita 500 kwa siku, mita 5 kwa 2, kina sentimita 60, sakafu ishuke sentimita 5 kuelekea maji yanakotokea. Tandika nailoni nzito.

Hatua ya 4: Kokoto. Vitanda vingi vinafia hapa, kisha lawama wanabebeshwa matete. Kazi kubwa ya kusafisha inafanywa na bakteria waliojishika kwenye kokoto na mizizi. Nafasi kati ya kokoto zikiziba, maji yanapanda juu, yananuka, mbu wanazaliana. Kokoto zetu za kugonga kwa nyundo ni za mwamba mgumu, nzuri mno, ila zinakuja na vumbi. Tia konzi moja kwenye jagi la plastiki angavu, jaza maji, koroga, subiri dakika chache. Yakibaki kama chai ya maziwa, rudia kuosha. Pima mwenyewe kila toroli, usitegemee neno la kibarua. Maji ya kuoshea yaache yatuame kwenye pipa, uyatumie tena. Mawe ya ukubwa wa ngumi yakae mwanzoni na mwishoni, nusu mita kila upande, ili maji yasambae upana wote. Katikati weka kokoto za milimita 10 hadi 20. Mchanga hapana, hata fundi akikuambia unachuja vizuri zaidi. Kwa maji ya banda utaziba tu. Ukishajaza, toroli isipite juu.

Hatua ya 5: Panda. Mimi ni matete tu. Gugumaji usilete kabisa. Tunajua lilivyolitesa Ziwa Victoria. Chukua vipande vya shina la chini vyenye jicho, vinne kwa kila mita ya mraba. Anza na maji safi, kisha changanya ya banda kidogo kidogo, maana amonia inaunguza machipukizi.

Hatua ya 6: Kwenye bomba la kutokea funga elbo (kiungo cha bomba chenye kona) inayozunguka. Ukiiinamisha, maji yanashuka, ukiisimamisha, yanapanda. Machipukizi yakiwa machanga, maji yawe karibu na uso wa kokoto. Yakikomaa, shusha maji hadi sentimita 10 chini ya uso wa kokoto, mizizi iyafuate.

Hatua ya 7: Mwagilia mizabibu, miti au malisho kwa matone. Mboga za kachumbari usizimwagilie, vijidudu vya maradhi havifi vyote. Kiangazi maji hupungua na chumvi hubaki; ukiona kingo za majani zinaungua, changanya na maji ya bomba.