Pampu ya kahawia ndiyo inayoilinda ya bluu: jinsi ya kutumia steroidi ya pumu

Wenye pumu wengi huipenda pampu ya bluu kwa sababu hufungua kifua ndani ya dakika chache. Ya kahawia huachwa kabatini, maana ukiivuta huhisi chochote. Kumbe kazi yake inafanyika ndani ya seli.

Misuli inayozunguka njia za hewa ina vipokezi vya beta-2, ambavyo kwa kawaida hupokea adrenalini. Salbutamoli ya pampu ya bluu hushika vipokezi hivyohivyo, misuli ikalegea kwa saa 4 hadi 6. Ukiivuta kila siku mara nyingi, seli huvirudisha vipokezi ndani na kuvipunguza, hivyo dozi ileile inasaidia kidogo kuliko mwanzo. Beklometasoni ya pampu ya kahawia ni steroidi ya jamii moja na kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Hupenya utando wa seli, hushikana na kipokezi chake humo ndani, kisha huingia kwenye kiini na kuiamsha jeni inayotengeneza vipokezi vya beta-2. Wakati huohuo huanza kutuliza uvimbe wa njia za hewa, jambo ambalo salbutamoli haifanyi kabisa. Lakini kutengeneza vipokezi huchukua saa kadhaa, na uvimbe huisha kwa siku hadi wiki. Ukiingoja siku ya kubanwa, umechelewa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake.

Soma jina la dawa kwenye pampu, usitegemee rangi tu. Itikise, toa pumzi yote, bana midomo kuzunguka mdomo wa pampu, bonyeza mara moja huku ukianza kuvuta polepole, kisha zuia pumzi hadi sekunde 10. Ngoja nusu dakika kabla ya mpulizo wa pili. Ukimaliza ya kahawia, sukutua na uteme. Steroidi inayobaki mdomoni huleta utando mweupe wa fangasi na kukwaruza sauti.

Kosa kubwa ni kubonyeza kabla au baada ya kuvuta: dawa nyingi huishia mdomoni na kooni. Spesa, chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo wako, huliondoa kosa hilo. Huna? Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako kwa waya wa moto uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, ichomeke pampu ikaze bila kuvuja, uvutie kwenye shingo ya chupa. Watafiti wa Cape Town waliijaribu kwa watoto na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Ilifanya kazi vizuri. Ioshe kwa sabuni ya vyombo na iache ijikaushe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata chaji ya umeme na kunasa dawa.

Kifua kikibana vikali, vuta ya bluu kupitia spesa mipulizo 4 hadi 10, mmoja mmoja, na uanze safari ya hospitali. Unaweza kurudia kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza. Anayeshindwa kumaliza sentensi, au ambaye midomo imegeuka rangi, asisubiri kuona kama dawa itashika. Vidonge vya prednisoloni atakavyopewa huhitaji takriban saa 4 kuanza kusaidia, kwa hiyo kila dakika ya kusitasita nyumbani inauma.