Kupima kipande unachokiacha kirudi msitu (na kosa la mita 300)

Mjomba wangu analima iliki na mdalasini juu Amani, Muheza. Ameamua kipande cha mteremkoni, kama ekari mbili, kirudi msitu. Swali lake la kwanza: "Serikali inalipa?" Marekani inalipa. Tangu 1985 mkulima wa huko anaingia mkataba wa miaka 10 hadi 15 wa kupumzisha ardhi, na kila mwaka anapokea malipo kama ya pango. Kwetu yanayokuja ni fidia ya mazao eneo likitwaliwa kuwa hifadhi, kama ilivyokuwa Derema, msitu wa hukohuko Amani, au fedha za kaboni, yaani malipo kwa miti inayofyonza hewa ya ukaa, chini ya kanuni za 2022. Kote huko wanaanza kwa kukuuliza mipaka.

Hatua ya 1. Ondoa ukanda wa mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo usiuhesabu kama umeutoa wewe. Mjomba alinuna, ekari mbili zikabaki moja na ushee.

Hatua ya 2. Zungukeni mpaka na majirani wote siku moja, mpande masale kila kona.

Hatua ya 3. Chukua koordineti. Hapa ndipo nilipoteza wiki nzima. Kona nne nilizipima kwa simu, chaji ikaisha, tatu zilizobaki nikazipima kwa Garmin, kifaa cha GPS, ya kuazima. Nilipochora, shamba likatoka na ulimi mrefu unaovuka kijito. Nikapanda mlima mara mbili kurudia, namba zikawa zilezile. Nusura nimwambie jirani kahamisha masale! Kumbe kila kifaa kina datamu, yaani mfumo wa msingi wa kuhesabia koordineti: simu inasoma WGS 84, unaotumiwa na GPS, na aliyeitumia Garmin kabla yangu aliiacha kwenye Arc 1960, mfumo wa ramani zetu nyingi za zamani. Sehemu ileile, namba zinapishana karibu mita 300.

Kwa hiyo, kabla ya kona ya kwanza fungua mipangilio ya kifaa uone datamu. Iandike juu ya ukurasa wa daftari, pamoja na kanda ya ramani, ambayo kwa Tanga ni 37 Kusini. Kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, namba ya kuchagua kwa kanda hiyo ni 32737 ukiwa na WGS 84, na 21037 ukiwa na Arc 1960. Ukikosea hapo programu haitakuonya. Ukipewa orodha ya namba isiyotaja datamu, usikisie, kapime upya. Usichanganye vifaa viwili. Mimi sasa natumia Garmin tu, maana namba za simu ya bei rahisi zinayumba chini ya miti hata ukisimama tuli. Kila kona subiri dakika tano ndipo uhifadhi.

Hatua ya 4. Peleka maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila kwenye halmashauri ya kijiji, na picha za pasipoti. Mchoro ukirudi, usisaini kabla hujalinganisha kona moja na daftari lako. Mjomba alisaini ya kwake akiwa amesimama kwenye sale la kona ya tatu, Garmin mkononi.