Jinsi ya kununua mnadani sarafu za mwanzo za dhahabu na fedha za Marekani

Kazi kubwa ya kununua sarafu hizi hufanyika kabla mnada haujafunguliwa. Siku ya mnada unabaki na jambo moja tu: kushikilia kiasi ulichokwisha kukiamua. Anayeingia bila kuisoma sarafu hununua kibandiko na picha, na huko makosa ni ghali.

Tunazungumzia sarafu zilizotoka kiwanda cha Philadelphia kuanzia 1794 hadi miaka ya 1830: dola na nusu dola za fedha, na dhahabu za dola 10, dola 5 na dola 2.50.

Hatua ya 1: Chagua aina moja

Anza na nusu dola za 1807 hadi 1836, zenye sanamu ya Uhuru, yaani mwanamke anayewakilisha uhuru, aliyevaa kofia. Zilitengenezwa kwa mamilioni, nyingi zikakaa kwenye hazina za benki badala ya kuzunguka sokoni, na leo unaipata yenye hali ya wastani kwa chini ya dola 300. Ukikosea hapo, utaumia kidogo na utajifunza mengi. Zikishaingia kichwani, panda kwenye dola za 1798 hadi 1803. Ya 1799 ndiyo rahisi zaidi kuipata, kwa kuwa mwaka huo zilihesabiwa dola 423,515. Za 1794 zilikuwa 1,758 tu. Moja, yenye hali bora kuliko nyingine zote zinazojulikana, iliuzwa Januari 2013 kwa dola 10,016,875.

Dhahabu iache hadi umezoea fedha. Bei yake huanzia maelfu ya dola, na sababu ya uhaba wake ni muhimu kuielewa. Sheria ya Marekani ya 1792 ilihesabu gramu 1 ya dhahabu kuwa sawa na gramu 15 za fedha, wakati Ulaya dhahabu ilikuwa na thamani kubwa zaidi ya hapo. Wafanyabiashara wakawa wanazisafirisha sarafu za dhahabu na kuziyeyusha. Mwaka 1834 uzito ulipunguzwa ili ziache kukimbia, lakini zile za zamani sasa zilikuwa na dhahabu nyingi kuliko thamani yake ya kisheria, hivyo nazo zikaingia motoni. Ndiyo maana idadi iliyotengenezwa haikwambii zimebaki ngapi. Dola 5 za 1822 zilihesabiwa 17,796. Zinazojulikana leo ni tatu, mbili zikiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian. Ya tatu iliuzwa Machi 2021 kwa dola milioni 8.4.

Hatua ya 2: Jua vipimo kwa moyo

Kwa sarafu za kabla ya mabadiliko ya uzito ya 1834 (dhahabu) na 1837 (fedha):

- Dola ya fedha: gramu 26.96, kipenyo milimita 39 hadi 40
- Nusu dola: gramu 13.48
- Dhahabu ya dola 10: gramu 17.50, kipenyo kama milimita 33
- Dhahabu ya dola 5: gramu 8.75
- Dhahabu ya dola 2.50: gramu 4.37

Fedha yake ni sehemu 892.4 kwa 1,000, na dhahabu ni ya karati 22. Sarafu iliyotumika sana hupungua uzito kidogo. Ikizidi uzito wa kisheria kwa nusu gramu, au ikipungukiwa gramu mbili huku michoro yake bado ni mikali, iweke pembeni.

Kwa sarafu isiyo ndani ya kasha la plastiki (tazama Hatua ya 3), pima uzito linganishi, yaani ni mara ngapi sarafu ni nzito kuliko maji ya ujazo uleule. Ipime ikiwa kavu kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Kisha itundike kwa uzi mwembamba ndani ya maji, isiguse chini wala ukuta wa chombo, upime tena. Gawanya uzito mkavu kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Dola yenye gramu 26.96 inayopungua gramu 2.62 majini inatoa 10.29, na fedha ya kiwango hiki inapaswa kukaribia 10.3. Dhahabu ya karati 22 hukaa karibu 17.6 hadi 17.8. Mapovu ya hewa yakinasa kwenye herufi, jibu litatoka dogo kuliko ukweli. Itikise sarafu polepole majini kabla ya kusoma mizani.

Kipimo kingine ni ukingo. Dola hizi hazina thamani iliyoandikwa mbele wala nyuma. Imeandikwa ukingoni kwa herufi HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT, zikitenganishwa na mapambo madogo. Dola ya 1799 yenye ukingo wa meno matupu ni bandia, hata kama uzito umelingana. Sarafu za kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha mstari wa kiungo ukingoni, na viputo vidogo kwenye uwanja, yaani sehemu isiyo na michoro.

Hatua ya 3: Hakiki kasha

Sarafu nyingi za mnadani zimefungwa kwenye makasha ya plastiki ya PCGS au NGC, kampuni zinazohakiki sarafu na kuzipa daraja la hali la 1 hadi 70. VF (nzuri sana) ni 20 hadi 35, XF (nzuri mno) ni 40 na 45, AU (karibu haikutumika) ni 50 hadi 58, na kuanzia 60 ni sarafu ambayo haikutumika. Kibandiko cha kijani cha CAC, kampuni nyingine ya uhakiki, kinaonyesha kwamba jicho la pili limelikubali daraja hilo.

Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni husika. Usiishie kwenye maneno "namba ipo", kwa sababu waghushi hunakili namba za kweli na kutengeneza makasha yanayofanana. Linganisha sarafu yenyewe na picha ya kumbukumbu: chagua mikwaruzo mitatu au madoa matatu, uhakikishe yote yapo mahali pake. Sarafu za kipindi hiki zina alama nyingi za pekee, kwa hiyo dakika tano zinatosha.

Ukiona neno "Details" badala ya namba, maana yake sarafu ni halali lakini imeharibiwa: imesafishwa, imetobolewa, imekwanguliwa au imerekebishwa. Zina wanunuzi wake, ila usilipe bei ya sarafu nzima.

Hatua ya 4: Soma uso wa sarafu

Hapa ndipo pesa hupatikana au hupotea. Sarafu ya VF 25 ambayo haijaguswa ni bora kuliko ya XF 40 iliyosuguliwa, na soko la wanaojua hulipa hivyo. Usikubali namba ya kasha ikuamulie jambo hili.

Fungua picha kubwa kuliko zote zilizopo, upande mmoja kwa wakati. Tazama kwanza uwanja mtupu mbele ya uso wa Uhuru. Sarafu iliyosafishwa huwa na mistari myembamba inayokwenda upande mmoja, ikipita uwanjani na juu ya mashavu kwa namna ileile, na rangi yake hufanana kila mahali. Fedha ambayo haijasuguliwa huwa na kivuli cheusi zaidi kuzunguka nyota na herufi, na juu ya nywele huwa nyeupe kidogo pale ilipopapaswa na vidole kwa miaka mingi.

Usichanganye mistari hiyo na alama za tupa za kiwandani. Kipande kitupu kikizidi uzito, mfanyakazi wa Philadelphia alikikwangua kwa tupa kabla hakijapigwa muhuri. Alama hizo ni nene, zimelala sambamba, mara nyingi zipo katikati au kando ya ukingo, na michoro imezigandamiza. Mkwaruzo wa baadaye hukata juu ya michoro na huacha metali iliyoinuka pembeni mwake. Alama za tupa hushusha bei zikiwa usoni mwa Uhuru, lakini si uharibifu.

Kwa dhahabu, nenda moja kwa moja ukingoni, hasa juu ya kichwa, saa sita ya duara. Nyingi zilivaliwa kama vidani, na sonara aliyeondoa pete ya kuning'inizia huacha meno yaliyolainika, doa la rangi tofauti au mabaki ya kulehemu. Tundu lililozibwa lina dalili yake: nyota au herufi moja isiyofanana na wenzake, na mahali palepale upande wa pili pana hitilafu pia. Geuza picha ya nyuma kichwa chini kabla ya kulinganisha, kwa kuwa pande mbili za sarafu hizi zimepigwa zikipishana juu na chini.

Picha za mnada hupigwa kwa mwanga unaopendezesha. Kwa sarafu ya zaidi ya dola 1,000, omba video fupi ikizungushwa chini ya taa moja. Mng'ao wa asili huzunguka uso mzima, ule wa kupigwa dawa hukaa palepale.

Hatua ya 5: Tambua muhuri uliotumika

Mihuri, yaani vyuma vya kugongea michoro kwenye sarafu, ilichongwa kwa mkono, hivyo mwaka mmoja unaweza kuwa na aina nyingi. Katalogi huzitaja kwa vifupisho: BB kwa dola, O kwa nusu dola, BD kwa dhahabu. Chukua dola ya 1799. Kwa kawaida nyota ni 7 kushoto na 6 kulia. Ukikuta 8 kushoto na 5 kulia, hiyo ni BB-159, na ina wanaoitafuta. Nyingine ina mabaki ya 8 chini ya 9 ya mwisho. Wauzaji wadogo huacha kutaja mambo haya, na hapo ndipo mwenye kusoma anapata faida.

Hatua ya 6: Tafuta bei zilizolipwa kweli

Achana na bei za orodha. Kumbukumbu za mauzo za nyumba za mnada za Heritage, Stack's Bowers na GreatCollections ziko mtandaoni. Chukua mauzo matano hadi kumi ya miaka mitatu iliyopita, ya mwaka uleule, muhuri uleule na daraja lilelile, ukitazama picha ya kila moja. Angalia kama bei inajumuisha ada ya mnunuzi, yaani asilimia ambayo nyumba ya mnada huongeza juu ya dau lililoshinda. Nyumba nyingi za Marekani huijumuisha. Utaona pengo kubwa ndani ya daraja moja, na picha zitakuonyesha sababu.

Tafuta pia historia ya umiliki. Tovuti ya Newman Numismatic Portal ina katalogi za zamani bila malipo, na sarafu iliyopita kwenye makusanyo maarufu kama ya Eliasberg, Norweb au Pogue huongezeka thamani.

Kuhusu dola ya 1804, msomaji wa pwani yetu ana sababu ya pekee ya kuwa macho. Dola zenye mwaka huo zilianza kutengenezwa 1834 kwa ajili ya zawadi za kidiplomasia, na mjumbe Edmund Roberts alimkabidhi seti moja Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Zanzibar, mwaka 1835. Ile inayoaminika kuwa yake iliuzwa Agosti 2021 kwa dola milioni 7.68. Dola halali za 1804 hazifiki 20, na karibu kila moja inajulikana ilikopita. Anayekuletea moja kwa hadithi ya urithi wa babu wa Unguja anakuuzia bandia.

Hatua ya 7: Piga hesabu kwenda nyuma

Anza na jumla unayoweza kulipa, si dau. Tuseme jumla ni dola 3,000, usafirishaji wenye bima dola 75, na benki itakata dola 45. Zinabaki 2,880. Ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 20, gawanya kwa 1.20: dau lako la mwisho ni 2,400. Ukisahau ada na dau lako likashinda kwa 3,000, utadaiwa 3,720 pamoja na usafirishaji na benki. Ada hutofautiana kati ya nyumba na nyumba, kwa hiyo soma masharti ya mnada husika kila mara.

Ushuru wa nchi yako uondoe pia kabla ya kugawanya. Sarafu za makusanyo zenye zaidi ya miaka 100 zina msimbo wa forodha 9705.31, muulize wakala wa forodha kiwango chake kabla ya mnada, na uhakikishe msimbo huo umeandikwa kwenye ankara. Zikiandikwa "vito" au "dhahabu", mzigo unaweza kukwama.

Hatua ya 8: Jisajili mapema, kisha toa dau

Mteja mpya huombwa majina ya wanaomfahamu sokoni au amana, na uhakiki unaweza kuchukua siku kadhaa. Jisajili wiki mbili kabla. Mnada unaoanza Dallas, Marekani, saa 12 jioni, Nairobi na Dar es Salaam ni saa 8 usiku katika majira ya joto ya Marekani na saa 9 usiku katika majira ya baridi ya huko. Kama huwezi kukesha, weka dau la juu mapema. Mfumo utapandisha kwa kadiri inayohitajika tu, na madau mawili yakilingana, lililotangulia hushinda.

Kwa sarafu ya makumi ya maelfu, mlipe wakala anayekwenda kuitazama kwa macho. Sarafu zilizo kwenye makasha kwa kawaida hazirudishwi.

Hatua ya 9: Ipokee na uihifadhi

Rekodi video bila kukata tangu mzigo umefungwa hadi namba ya cheti ionekane. Bima mara nyingi hudai ushahidi huo.

Unyevu wa pwani ni adui wa fedha, na makasha hayazuii hewa kabisa. Weka kila kasha ndani ya mfuko unaofungwa vizuri pamoja na pakiti ya silika jeli, ubadilishe pakiti rangi yake ikigeuka. Usitumie karatasi ya gazeti wala mpira wa kufungia noti. Salfa iliyomo huifanya fedha kuwa nyeusi. Sarafu isiyo na kasha isikae kwenye mifuko laini ya PVC, ambayo huacha utando wa kijani unaonata. Utando huo hutoka kwa kuiloweka kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Iinue kwa ukingo, iache ikauke yenyewe, usiifute hata kwa pamba.

Ankara, ukurasa wa katalogi na picha zako vihifadhi pamoja, nakala moja nje ya nyumba. Siku ya kuuza, mnunuzi makini ataviomba kabla hajataja bei.